Jitu Lililoketi Chini

Rafiki yangu alimuua bosi wa Mnara siku ya Jumatano, saa saba na robo mchana, na mtu pekee aliyeona ni mimi. Jioni ya siku hiyo hiyo niliulizwa mbele ya watu kama nilikuwepo. Nikasema sikuwepo.

Mnara ni jina tulilolipa sisi. Sidii ilikuja mtaani bila jalada, imeandikwa kwa kalamu ya wino herufi ambazo hakuna aliyezisoma, na kwa kuwa ndani yake kulikuwa na shujaa mwenye upanga mfupi aliyepanda mnara wa ghorofa tisa, tukaiita hivyo. Ilikuwa gemu ya mapigano ngumu kuliko zote zilizowahi kufika Eastlands, upande wetu wa jiji. Kosa moja lilitosha kukuua, na ukifa ulianza tena mwanzoni mwa ghorofa uliyokuwamo. Hakukuwa na mshale wa kukuelekeza wala sauti ya kukuonya. Ghorofa ya tisa alikaa bosi, jitu lenye mikono minne, na tulichojua juu yake ni namna lilivyotuua.

Tulicheza katika chumba kimoja cha mwisho kwenye safu ya nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, kilichokuwa na televisheni nne na mabenchi ya mbao. Mwenyewe alikuwa mzee aliyestaafu reli, mtu wa magharibi ya nchi kama sisi, mwenye sauti nzito na subira fupi. Hakuruhusu kadi za kuhifadhi mchezo kwa sababu ziliibwa. Kwa hiyo mashine ilipozimwa, kila ulichoshinda kilizimika nayo. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya shahidi. Ukidai umemaliza ghorofa fulani, hukuruhusiwa kujisemea. Saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamejaa, mwingine ambaye si ndugu yako alisimama kizingitini akasema neno moja, "Nimeona." Mzee alichukua chaki akaandika ghorofa yako ukutani. Bila shahidi hakuna chaki, hata ungeapa kwa lolote.

Kufikia mwaka tuliomaliza kidato cha nne, namba ya juu kabisa ukutani ilikuwa nane. Ilikuwa ya rafiki yangu.

Yeye na mimi tulikuwa tukingoja matokeo ya mtihani. Nyumba zetu zilitazamana. Mikono yake ilikuwa na utulivu ambao sijauona tena kwa mtu. Wengine walipobonyeza vitufe kana kwamba wanapigana na mashine, yeye alionekana kama anayeshona. Mimi sikuwa mchezaji mzuri. Nilikuwa mtazamaji, na nadhani alinipenda kwa hilo, kwa sababu nilikumbuka. Baada ya kufa aliniuliza, "Lilianza na mkono upi?" nami nilimwambia.

Wakati huo baba yangu alikuwa amelazwa wiki ya tatu. Alikuwa amepooza upande mmoja na hakuweza kusema. Mama, karani katika ofisi ya kanjo, alikwenda kumwona jioni, na mimi nilipeleka uji mchana. Wageni waliruhusiwa kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu. Jumatano hiyo mama aliniambia asubuhi, akifunga mkoba, kwamba mkubwa wake kazini amemzuia hadi jioni na hataweza kufika hospitali.

"Leo ni wewe tu," alisema. "Mnyweshe polepole. Asikabwe."

Nilitoka nyumbani saa sita kasoro dakika chache na chupa ya chai ya bluu iliyojaa uji wa wimbi. Mlango wa chumba cha gemu ulikuwa wazi. Mzee alikuwa ameenda kula na kumwachia rafiki yangu ulinzi. Ndani hamkuwa na mtu mwingine. Wenye shule walikuwa shuleni na wenye kazi walikuwa kazini. Rafiki yangu alikuwa ghorofa ya nane, na hakugeuka aliposikia hatua zangu.

"Kaa kidogo uniangalilie mikono ya jitu," alisema. "Leo naona kama litanipa nafasi."

Nilikaa nikijipa dakika kumi. Alifika ghorofa ya tisa, akafa. Akafa tena. Mara ya nne nilimwambia jitu huinua mkono wa chini wa kushoto kabla ya kuruka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona, na kuanzia hapo sikuweza kuondoka. Sitasema kwamba nilisahau saa. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya televisheni, na niliitazama zaidi ya mara moja.

Saa saba na robo upanga uliingia. Tulitarajia mlio na moto, kama mabosi wote wa gemu wanavyokufa. Jitu halikulia. Liliketi chini polepole kama mtu aliyetoka kazini, likakunja mikono yake minne mapajani, likainamisha kichwa. Kisha picha ikaganda. Sidii ilikuwa nakala ya nakala, na hapo ndipo uwezo wake ulipoishia.

Hatukupiga kelele. Rafiki yangu aliweka pedi ya kuchezea sakafuni, akanitazama, akaanza kucheka kwa sauti ndogo. Nami nikacheka. Halafu, kwa sababu muda wa wageni ulibakiza robo saa tu na safari ya kufika kule ilikuwa dakika arobaini, na kwa sababu tulikuwa na furaha na njaa, nilifungua chupa. Tulikunywa uji wa baba yangu kwa kupokezana kifuniko.

"Na mzee wako?" aliuliza akiwa amekwisha kunywa.

"Nitampelekea kesho."

Jioni watu walijaa. Njia ya kutoka barabarani kwenda kwetu ilipita mlangoni pale, na mama alifika wakati ule ule mzee alipokuwa akitafuta chaki. Alinipata kizingitini. Alinyoosha mkono, nikampa chupa, akaitikisa kidogo kusikia kama ina kitu.

"Ulimpata baba aje?"

"Amelala. Lakini kwanza alikunywa uji. Alimaliza."

"Wote?"

"Wote."

Uso wake ulilegea. Kwa wiki tatu baba alikuwa hamalizi hata nusu kikombe. Mama alikuwa bado amesimama hapo, chupa mkononi, mzee aliponigeukia.

"Wewe kijana. Huyu anasema ameua bosi, na shahidi ni wewe. Saa saba ulikuwa hapa?"

"Saa saba nilikuwa hospitali, mzee."

Chumba kikaanza kunong'ona. Rafiki yangu alinitazama. Akamtazama mama. Akaitazama ile chupa ya bluu aliyokunywa kutoka kwayo saa tano zilizopita. Niliona anaelewa yote, moja baada ya jingine, kwa utaratibu ule ule aliosomea mikono ya jitu. Angeweza kusema sentensi moja tu. Hakuisema.

"Basi tuambie lilikufaje," mmoja alisema kutoka nyuma.

"Liliketi chini," alijibu. "Likakunja mikono."

Kicheko kilichofuata bado nakisikia.

"Ati liliketi? Si ungelipatia stuli."

"Lilikuwa linangoja chai, buda. Wewe ni mgeni mbaya."

"Lilimwambia, kijana, hata mimi nimechoka na hii kazi."

Mzee alirudisha chaki juu ya televisheni. Namba nane ikabaki nane.

Baba alikufa Alhamisi alfajiri. Tulipoitwa hospitali, muuguzi aliyetupokea alikuwa wa zamu nyingine na hakujua lolote kuhusu jana yake. Mama hakuuliza. Hakuhitaji, alikuwa ameshaambiwa na mimi. Katika maombi ya kila jioni nje ya nyumba yetu, kila mgeni mpya alisimuliwa: hakuondoka na njaa, alikunywa uji wote kutoka mkononi mwa kitinda mimba wake, akalala. Siku ya mazishi kule nyumbani magharibi, sentensi hiyo ilisomwa kwenye wasifu wake. Watu waliitikia "Asifiwe". Mimi nilikuwa nimeshika picha ya marehemu, na nilishukuru kwamba fremu ilikuwa kubwa.

Rafiki yangu alipanga viti vya maombi kila jioni kwa wiki nzima. Hakunigusia jambo lile. Wala mimi sikumgusia. Lakini mtaa haukunyamaza. Mtu akijigamba kwa lolote, kwamba amepata kazi, kwamba msichana fulani amemjibu, aliambiwa, "Hata jitu liliketi." Nadhani ilimchukua rafiki yangu miezi miwili kuacha kuja kwa gemu na mwaka mmoja kuhama mtaa kabisa. Alikwenda kuishi Lucky Summer kwa mjomba wake, akajifunza kazi ya ngozi katika soko la Kariokor. Nilisikia hayo kwa watu wengine.

Mnara nao ulikwisha. Gemu ya mpira ilikuja, na katika muda mfupi televisheni zote nne zilikuwa na mpira. Mzee alikwenda kwao, na chumba kile sasa ni cha kinyozi. Ukuta ulipakwa rangi.

Sasa nina nywele nyeupe chache kidevuni, na nimo katika kundi la watu wazima wanaokutana Donholm Jumamosi alasiri kuzungumza juu ya gemu. Mwenyeji wetu ni fundi wa simu ambaye alikuwa akicheza nasi kwa mzee wa reli. Sebuleni kwake kuna televisheni kubwa kuliko kabati, na mkewe hutuachia nyumba kwa masharti kwamba tusiweke miguu mezani. Kuna mwalimu wa hesabu mwenye kipara, naye wa mtaa wetu wa zamani, ambaye hubishana hata akikubaliana na wewe. Wengine huja na kuondoka.

Mabishano ni yale yale. Kwa nini gemu ngumu zilikufa, na kwa nini zimerudi.

"Zilikufa siku zilipoanza kukuonyesha mshale," mwalimu alisema Jumamosi moja. "Enda hapa, ruka hapa, bonyeza hapa. Hiyo si gemu, hiyo ni fomu ya benki."

"Wacha kusingizia mshale," fundi alijibu. "Ni sisi tulikimbia. Ulikuwa unalipia nusu saa, utakufa mara kumi na tano halafu uende nyumbani? Mpira hata ukifungwa saba umecheza mpaka mwisho."

"Na sasa kwa nini wamerudi kufa?"

"Kwa sababu kila kitu kingine kimekuwa rahisi na hakina utamu. Mtoto anafia mlango mmoja wiki nzima, akifungua analia machozi. Kufa kumerudi kwa fasheni."

"Sisi tulikufa kabla haijawa fasheni," mwalimu alisema. "Na hakuna mtu mtaa wetu aliwahi kumaliza Mnara. Hakuna."

"Kuna yule jamaa wa jitu kuketi."

Wakacheka, wote, pamoja na wale ambao hawakuwa wamezaliwa Eastlands, kwa kuwa walikuwa wamesimuliwa. Mimi nilitazama chai yangu.

Mwezi uliofuata fundi alipata Mnara. Nakala safi, imefanyiwa ukarabati, rangi zake kali hadi zinaumiza macho. Kumbe duniani kuna watu wengi walioikumbuka kama sisi. Walicheza Jumamosi tatu wakipokezana pedi. Ya nne, fundi alifika ghorofa ya tisa, na baada ya kufa mara nyingi alimchoma bosi.

Jitu liliketi chini. Lilikunja mikono yake minne mapajani. Kwenye nakala safi, lilikaa hivyo muda mrefu, na theluji ikaanza kulifunika.

Mwishowe mwalimu, ambaye mwaka ule alicheka kuliko wote, alivua miwani.

"Huyo kijana alisema kweli."

"Au alisikia mahali," mwingine alisema.

"Asikie wapi? Tulikuwa na sidii moja mtaa mzima." Mwalimu akageuka. "Hebu, si alikuwa anasema shahidi ni wewe?"

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika habari za mahakamani. Nimewatazama mashahidi wengi wakifika mahali ambapo sentensi moja ingemaliza kesi, na nimewahi kuwadharau waliosita. Mke wa fundi anaimba kwaya moja na mama yangu. Wanakaa safu moja. Nilimwona kupitia mlango wa jikoni akikausha vikombe.

"Nilikuwa hospitali," nilisema. "Baba alikufa kesho yake."

"Pole, pole," wakasema. Mwalimu aliniwekea mkono begani.

Jumanne nilikwenda Kariokor. Nilimkuta katikati ya safu ya mafundi wa viatu, kwenye kibanda chenye mikanda iliyoning'inia na harufu ya gundi. Amenenepa. Mikono yake ilikuwa ile ile. Alikuwa akishona kandambili ya ngozi, na hakuacha kushona aliponiona, ila alisogeza stuli kwa mguu.

Pembeni alikaa msichana wa kidato cha tatu, likizoni, akipanga shanga huku simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la gundi. "Binti yangu," alisema. "Huyo ni kufa tu siku nzima. Anacheza hizi gemu mpya zenu."

Nilimweleza kilichotokea Donholm. Alisikiliza hadi nilipofika pale jitu lilipofunikwa na theluji.

"Kumbe kulikuwa na theluji," alisema.

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, na kwamba niliulizwa mara ya pili nikakana mara ya pili. Alikata uzi kwa meno.

"Mama bado yuko?"

"Yuko. Anaumwa magoti tu."

"Na bado anasema ule uji?"

"Kila mwaka, siku ya ukumbusho."

"Basi wale wa Donholm waache wakae na kicheko chao. Mimi nilimwona mama yako pale mlangoni. Nilifikiria, hii chaki nitaifanyia nini?" Kisha akaelekeza kidevu upande wa binti yake na kupunguza sauti. "Lakini huyu nilimwambia. Alikuwa mdogo, ameshindwa na mlango fulani, nikamwambia hata mimi niliwahi kushinda kitu kigumu. Akaenda kuuliza wajomba zake. Unajua walivyomwambia. Tangu siku hiyo nikimweleza kitu huniitikia, ndiyo baba, ndiyo baba. Kama mtu anayemkubalia mlevi."

Nilisimama. Kizingiti cha kibanda kile ni kipande cha mbao. Nilisimama juu yake, mtu mzima mwenye koti la kazi, nikamwambia msichana yule kwamba siku ya Jumatano, saa saba na robo mchana, baba yake alimuua bosi wa Mnara, kwamba jitu liliketi chini, na kwamba nimeona.

Msichana aliacha shanga. Baba yake alikuwa ameinama juu ya kandambili, na sindano haikusonga.

"Kwa nini hukusema siku hiyo, anko?"

Nikamweleza. Nilieleza yote, hospitali, chupa, muda wa wageni, mama mlangoni. Nilikuwa sijawahi kulisimulia jambo hilo kwa mtu, na nilishangaa jinsi lilivyo fupi.

"Kwa hivyo babu alilala na njaa," alisema.

"Wewe," baba yake alisema.

"Nauliza tu."

"Ndiyo," nilimjibu. "Nadhani alilala na njaa."

Alirudi kwenye shanga zake. Baada ya dakika kadhaa, bila kuinua macho, aliuliza kama anaweza kuja Donholm Jumamosi kuwaambia wale watu. Baba yake alisema hapana. Msichana akasema hakumuuliza yeye. Nikasikia mdomo wangu ukisema anipe muda hadi niongee na mama kwanza, kwamba Jumapili nitakwenda. Akachukua namba yangu.

Jumapili nilikwenda. Mama alikuwa ametoka kanisani na bado amevaa kitambaa cha kwaya. Alinimiminia chai kutoka kwenye ile chupa ya bluu. Kifuniko kimepasuka na amekifunga kwa mpira, lakini hataki nyingine. Magoti yalimsumbua, akaketi polepole, akakunja mikono mapajani. Aliniuliza kwa nini nimenyamaza hivyo. Nikamwambia kuna jambo la zamani, la wakati wa baba. Uso wake ulilegea kama jioni ile.

"Najua," alisema. "Hata mimi jana usiku nilimkumbuka. Nikasema, angalau alikunywa uji." Akanisogezea mkate. "Haya, sema."

Nilimuuliza kuhusu magoti.

Leo ni Ijumaa. Kwenye simu yangu kuna ujumbe wa msichana yule, wa tangu Jumapili jioni. Unasema: "Anko, umemwambia?" Kesho saa tisa watu watakaa sebuleni Donholm, na mke wa fundi atakuwa jikoni. Ujumbe nimeusoma, naye anaona kwamba nimeusoma. Sijamjibu.